Ugua Pole: Jinsi Mwili na Akili Vinavyopona



Tunapomtembelea mgonjwa, neno la kwanza ni "pole", na la mwisho kabla ya kuaga ni "ugua pole". Hatumwambii apone haraka. Tunamtakia augue taratibu, kwa utulivu. Akipata nafuu tunasema "amepona", na mfupa wake tunasema "umeunga". Hatusemi kwamba daktari ameuunga, ingawa daktari alikuwapo tangu siku ya kwanza. Ndani ya maneno haya ya kila siku mna mafundisho mawili ambayo sayansi ya tiba na falsafa zinayakubali: kupona ni kazi inayofanyika ndani ya mgonjwa mwenyewe, na kazi hiyo ina muda wake.

Jambo hili linatugusa kwa karibu. Vijana wetu wengi huvunjika miguu barabarani, hasa kwa ajali za bodaboda. Parokiani tunatoa nia ya Misa, tunachanga fedha za matibabu, na wiki ya kwanza tunajaa wodini mpaka wauguzi wanatuomba tupungue. Siku anaporuhusiwa tunamshukuru Mungu kwamba amepona, kisha tunaendelea na mambo yetu. Kumbe siku hiyo mara nyingi mfupa bado haujaunga, misuli imesinyaa, na moyo ndio kwanza unaanza kuelewa kilichotokea. Makala hii inaeleza kinachoendelea ndani ya mtu anayepona, ili tujue ni wakati gani hasa anatuhitaji.

Mfupa unavyounga

Tuchukue mvunjiko wa muundi, ule mfupa mkubwa ulio kati ya goti na kifundo cha mguu. Mfupa ni kitu hai chenye mishipa ya damu. Unapovunjika, mishipa hiyo hukatika, damu humwagika kwenye ufa na kuganda kuwa bonge. Saa chache baadaye mguu unavimba, unapata joto na unauma sana. Mwandishi Mrumi aitwaye Celsus, aliyeishi karne ya kwanza, alizitaja dalili nne za hali hiyo kwa maneno ya Kilatini ambayo wanafunzi wa udaktari huyakariri mpaka leo: rubor, tumor, calor, dolor, yaani wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Hakuna anayezipenda dalili hizi, lakini ndizo mwanzo wa kupona. Damu nyingi inaletwa mahali pale, chembe nyeupe zinaingia kusafisha seli zilizokufa, na seli za ujenzi zinaitwa kazini. Hata maumivu yana kazi yake: yanamlazimisha mtu asiutumie mguu.

Katika wiki mbili tatu za mwanzo, seli za ujenzi hujenga daraja laini kati ya ncha mbili za mfupa. Daraja hilo ni la nyuzi na gegedu, kitu cha jamii ile ile inayolipa sikio umbo lake. Daraja linashika, ila haliwezi kubeba uzito wa mtu.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, madini ya kalisi huanza kuingia, na gegedu hubadilishwa kuwa mfupa mchanga. Kwenye picha ya eksirei, mfupa huo huonekana kama kivimbe cheupe kilichozunguka ufa. Mifupa mingi ya mkono hupata nguvu ya kutosha kwa wiki sita hadi nane hivi. Muundi wa mtu mzima huhitaji miezi mitatu hadi minne, na wakati mwingine zaidi. Watoto hupona upesi kuliko watu wazima.

Mwisho huja ukarabati, ambao huchukua miezi na hata miaka. Kuna seli zinazomega mfupa uliozidi na nyingine zinazojenga pale panapohitaji nguvu, mpaka mfupa unarudia umbo lake. Hapa mfupa unaishinda ngozi. Kidonda kirefu cha ngozi huacha kovu, na kovu hilo halirudii nguvu yote ya ngozi ya awali, bali hufika asilimia 80 hivi. Mfupa uliounga vizuri hauna kovu. Palipovunjika panakuwa mfupa halisi.

Sasa tazama hatari ilipo. Ikifika wiki ya tatu, uvimbe umeshuka na maumivu yamepungua. Mtu anajisikia mzima. Ndipo anapokata mwenyewe plasta ngumu, ile tunayoiita POP, au anapelekwa kwa mtaalamu wa kuchua, au katika mkutano fulani wa maombi anaambiwa atupe magongo ili aoneshe imani. Wakati huo mfupa wake ni gegedu. Anayemwamuru aukanyagie mguu huo anabomoa daraja ambalo Muumba bado analijenga ndani yake, na asingizie imani.

Kosa kama hilo hufanyika pia katika magonjwa mengine. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, ingawa wagonjwa wengi hujisikia vizuri baada ya wiki chache tu za dawa. Anayeziacha kwa sababu kikohozi kimeisha huwapa nafasi vimelea vilivyobaki vizaliane tena, na vinaweza kurudi vikiwa sugu. Kujisikia nafuu ni habari njema, ila ni hatua moja ya kupona. Safari yenyewe haijaisha.

Pumziko na mzigo

Ikiwa mfupa unahitaji utulivu, je, mgonjwa alale tu mpaka uunge? Zamani wengi walidhani hivyo. Lakini mwaka 1892 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alichapisha kitabu kinachoeleza kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaobeba. Panapobebeshwa panaimarika, na pasipobebeshwa panadhoofika. Wanaanga wanatupa mfano. Ni watu wenye afya na mazoezi, lakini kule angani, ambako miili yao haibebi uzito wake, mifupa yao hupungua.

Misuli nayo iko hivyo hivyo. Yeyote aliyewahi kufunguliwa plasta ameona jinsi paja au ndama ya mguu inavyokuwa nyembamba baada ya wiki chache za kutotumika. Viungo hukakamaa. Kulala muda mrefu huleta vidonda vya mgandamizo mgongoni na makalioni, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na nimonia. Wazee huumia zaidi, maana nguvu wanayoipoteza kwa siku chache huwagharimu wiki nyingi kuirudisha.

Ndiyo sababu madaktari hupenda, inapowezekana, kuuimarisha mfupa wa paja kwa chuma kinachopitishwa ndani yake, ili mgonjwa aanze kusogea mapema. Njia ya zamani, ya kuuvuta mguu kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, humlaza mtu chali wiki sita na zaidi, na bado hutumika pale ambapo hakuna vifaa. Mwaka 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN, linalotengeneza chuma kinachoweza kuwekwa hata kama chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. Kimewasaidia wagonjwa wengi katika nchi zenye uwezo mdogo, wakiwemo waliotibiwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam.

Kanuni inayotokana na haya ni rahisi kuisema, lakini ni ngumu kuiishi. Mwanzoni pumziko, baadaye mzigo, tena kidogo kidogo. Mzigo unaokuja mapema mno huvunja, na mzigo usiokuja kabisa hudhoofisha. Kipimo hakitolewi na jirani wala na hamu ya mgonjwa. Kinatolewa na daktari anayeisoma eksirei na mtaalamu wa fiziotherapia anayemwambia leo akanyagie kwa kugusa tu, mwezi ujao nusu ya uzito, kisha wote.

Ubongo unaojifunza upya

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi hata mahali ambapo kilichoharibika hakiwezi kujengwa upya. Mtu akipata kiharusi, sehemu ya ubongo hukosa damu na seli zake hufa. Seli hizo haziungi kama mfupa. Hata hivyo wengi hurudishiwa uwezo wa kutembea, kushika na kusema, kwa sababu sehemu zilizobaki nzima hujifunza kazi iliyofanywa na zile zilizokufa. Ubongo hujifunza kwa njia ile ile mtoto anayojifunzia kuandika: kwa kurudia tena na tena. Maendeleo huwa ya kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini hayakomi hapo.

Mtafiti Mmarekani Edward Taub alitambua kwamba mkono dhaifu mara nyingi huzidi kudhoofika kwa sababu mgonjwa ameacha kuutumia. Kila akijaribu anashindwa, basi mkono mzima unachukua kazi zote. Tiba aliyoianzisha inashangaza. Mkono mzima huvishwa glavu nene kwa muda mwingi wa siku, kwa wiki mbili hivi, na ule dhaifu hufanyishwa mazoezi ya saa nyingi. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulionesha kwamba wagonjwa waliopewa tiba hii, miezi kadhaa baada ya kiharusi, waliutumia mkono wao vizuri zaidi kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Si tiba ya kujaribu nyumbani bila mtaalamu, na haimfai kila mgonjwa. Lakini inatuachia swali la kujiuliza majumbani mwetu. Mara ngapi, kwa upendo kabisa, tunamlisha babu kijiko kwa kijiko, tunamvalisha na kumfungia vifungo, wakati angeweza kujaribu mwenyewe hata kama ingechukua nusu saa? Upendo usio na subira unaweza kumnyima mgonjwa zoezi lake.

Akili inapougua pamoja na mwili

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwahudumia askari waliojeruhiwa nchini Italia. Alishangaa kuona kwamba wengi wa waliokuwa na majeraha makubwa, walipoulizwa kama wanahitaji dawa ya maumivu, walisema hapana. Baadaye aliwalinganisha na raia waliofanyiwa upasuaji hospitalini, na hao wengi wao waliiomba. Alieleza tofauti hiyo kwa maana ya jeraha. Kwa askari, jeraha lilimaanisha ameondoka vitani akiwa hai. Kwa raia, jeraha lilikuwa balaa lililovamia maisha yake. Maumivu ni ya kweli kwa wote, lakini mtu huyapokea akiwa na historia yake, hofu zake na matumaini yake.

Mafrateri tunaokwenda wodini kwa utume wa kila wiki tunalisikia jambo hili kwa lugha nyingine. Kijana mmoja, mguu wake ukiwa umevutwa kwa uzito, aliniambia kwamba mguu haumnyimi usingizi. Kinachomnyima ni pikipiki ya mkataba: kila siku anayolala pale, hesabu ya tajiri inaendelea kuhesabiwa, na mkewe ameanza kuuza vyombo. Kwake mvunjiko ulimaanisha deni, na kumwuliza kuhusu mfupa peke yake kulikuwa kumwuliza nusu ya habari.

Huzuni ya namna hii haibaki kichwani. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri sawa wasio na mzigo huo. Wote walitiwa kidonda kidogo mkononi, chenye upana wa milimita 3.5. Kwa wale wanaotunza wagonjwa, kidonda kilichelewa kupona kwa wastani wa siku tisa hivi. Msongo wa muda mrefu hubadilisha homoni na kudhoofisha chembe za kinga zinazosafisha na kujenga. Zingatia pia kwamba waliochunguzwa ni watunzaji. Wahenga walisema mganga hajigangi. Mama anayelala chini ya kitanda cha mwanawe miezi miwili anahitaji mtu wa kumpokea zamu, maana na yeye mwili wake unalipa.

Kinyume chake nacho ni kweli. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha matokeo ya kulinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu walilala vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu walitazama ukuta wa matofali. Walioitazama miti walikaa hospitali muda mfupi zaidi na walitumia dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Kama mti dirishani unasaidia, sembuse rafiki pembeni ya kitanda!

Baada ya ajali au ugonjwa mkubwa, wengine huingia katika sonona. Halali, hataki kula, hataki kuonana na watu, anarudia kusema yeye ni mzigo kwa familia. Hali hiyo si upungufu wa imani wala uvivu. Ni sehemu ya mgonjwa inayohitaji tiba kama mfupa unavyohitaji. Apelekwe kwa mhudumu wa afya, na akitamka habari za kutaka kufa, asiachwe peke yake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliandika juu ya huzuni na dawa zake katika Summa Theologiae, sehemu ya pili, swali la 38. Alitaja dawa tano: jambo lolote la kufurahisha, machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na mwisho usingizi na kuoga. Ndiyo, kuoga. Mwalimu mkuu wa Kanisa hakuona aibu kuliweka beseni la maji karibu na tafakari ya ukweli. Kuhusu machozi, alieleza kwamba kinachofungiwa ndani huumiza zaidi. Sisi tunaowaambia vijana kwamba mwanaume halii, tulifikirie hilo. Kuhusu marafiki, alisema huzuni ni kama mzigo, na mgonjwa anapoona wengine wanahuzunika pamoja naye ni kama wanaubeba pamoja. Zaidi ya hayo, anatambua kwamba anapendwa.

Nani anayeponya?

Kwa nini dawa za huzuni ziwe pamoja na usingizi na maji? Kwa sababu, kwa Thoma anayemfuata Aristotle, mtu si roho iliyopanga chumba ndani ya mwili. Roho ndiyo inayoufanya mwili huu uwe mwili hai wa kibinadamu, na vyote viwili ni mtu mmoja. Mguu hauvunjiki peke yake. Anayevunjika ni Fulani, mwenye mke, deni na wimbo anaoupenda kwaya. Basi hata kupona, anayepona ni Fulani mzima.

Thoma analinganisha pia kazi ya fundi nyumba na kazi ya tabibu. Matofali hayana ndani yake nguvu ya kuwa nyumba. Yakiachwa, yatabaki lundo, na kila kitu kinatoka kwa fundi. Afya ni tofauti. Wakati mwingine mtu hupona bila tabibu, kwa nguvu ya maumbile yake tu. Na hata tabibu anapomtibu, huiimarisha nguvu hiyo ya ndani na kuipatia nyenzo. Daktari huzinyoosha ncha za mfupa na kuzishikilia zisicheze, huzuia vimelea na kutuliza maumivu, lakini hajui kutengeneza hata chembe moja ya gegedu. Inatengenezwa na yule aliyelala.

Kutokana na hili tunaepuka makosa mawili. La kwanza ni kumwona daktari kama mtengenezaji wa mashine, na mgonjwa kama gari lililopelekwa gereji. Mgonjwa wa namna hiyo husubiri apewe afya, na mazoezi huyaona ni adhabu. La pili ni kumdharau daktari kwa kisingizio kwamba Mungu ndiye mponyaji. Mungu ndiye aliyeweka ndani ya mwili nguvu ya kuunga, na ndiye aliyempa tabibu akili ya kuisaidia. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatuagiza kusali tunapougua na pia kumpa tabibu nafasi yake. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa nayo haipingani na vidonge, wala si ya kusubiri pumzi ya mwisho. Ni ya mgonjwa aliye katika hatari, ili apate nguvu ya kuubeba ugonjwa wake akiwa pamoja na Kristo.

Mguu wa Inyasi

Katika historia ya Kanisa kuna mguu mmoja uliovunjika ambao habari zake tunazijua vizuri. Tarehe 20 Mei 1521, katika kuutetea mji wa Pamplona dhidi ya Wafaransa, askari wa umri wa miaka 30 hivi aitwaye Inyasi wa Loyola alipigwa na tufe la mzinga. Mguu mmoja ulivunjika vibaya na wa pili ukajeruhiwa. Alibebwa kwa machela mpaka kwao Loyola. Huko madaktari waliona mifupa imekaa vibaya, wakaivunja tena na kuipanga upya, bila nusukaputi, kwa kuwa ilikuwa bado haijagunduliwa. Hali ikawa mbaya, akapokea sakramenti, na mkesha wa Watakatifu Petro na Paulo alidhaniwa hataiona asubuhi. Alipata nafuu.

Mfupa ulipounga, ulibaki umetokeza chini ya goti, na mguu ulikuwa mfupi. Inyasi aliyetamani kuvaa tena buti nzuri za kiaskari aliomba mfupa huo ukatwe kwa msumeno, na mguu uvutwe kwa vyombo vya kuurefusha. Kupona, kwake, kulikuwa kurudi kuwa yule wa zamani. Haikuwezekana. Alichechemea maisha yake yote.

Lakini katika ile miezi ya kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa vita, na havikuwamo nyumbani. Alipewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Akawa anasoma, anaota ndoto za fahari, anasoma tena. Polepole akagundua kitu: mawazo ya fahari yalimfurahisha kwa muda kisha yakamwacha mkavu, na mawazo ya kuwafuata watakatifu yalimwachia furaha iliyodumu. Kutokana na uchunguzi huo yalichipuka mafundisho yake ya kupambanua mienendo ya roho, ambayo sisi waseminari tunayatumia hadi leo. Mapema mwaka 1522 aliondoka Loyola, mguu haujawa kama zamani, naye mwenyewe pia si yule wa zamani.

Tusiseme kwa hiyo kwamba kuvunjika mguu ni jambo jema. Ni ubaya, na ni haki kupigana nao kwa dawa zote halali. Ninachokiona kwa Inyasi ni hiki: kupona hakupimwi kwa kurudi tulivyokuwa. Wapo watakaobaki na gongo, wapo watakaobaki na mkono mzito, na wengine watatembea kwa mguu wa bandia. Mtu wa namna hiyo akipata namna ya kuishi, kufanya kazi na kupenda katika mwili alio nao sasa, amepona kweli.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tugawe matembezi yetu. Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kupanga nani aende wiki ya kwanza, nani wiki ya sita, nani mwezi wa tatu. WAWATA na VIWAWA wana uzoefu mkubwa wa kuwatembelea wagonjwa. Waendelee hata baada ya ruhusa ya hospitali. Mgonjwa aliyeko nyumbani mwezi wa tatu, bila kazi na bila wageni, ndiye mpweke kuliko wote.

Pili, mchango wetu ufikirie safari nzima. Nauli ya kurudi kliniki na ya fiziotherapia mara nyingi ndiyo inayokosekana. Chakula cha kujenga mwili ni sehemu ya tiba: maharage, dagaa, mayai, maziwa, mboga za majani. Anayevuta sigara asaidiwe aache, maana sigara huchelewesha mfupa kuunga. Mwenye kisukari ahimizwe kuidhibiti sukari yake.

Tatu, tujue dalili za hatari. Mgonjwa aliyefungwa plasta vidole vikipoa, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yakizidi kila saa badala ya kupungua, arudishwe hospitali wakati huo huo bila kusubiri asubuhi. Mguu uliovunjika usichuliwe, na usikazwe kwa vijiti na kamba mpaka damu ikose njia. Wapo waliopoteza mguu mzima kwa namna hiyo, wakati mfupa ulikuwa wa kuunga.

Nne, tumpe mgonjwa nafasi ya kubeba kitu. Aliye na magongo anaweza kusoma somo, kufundisha watoto katekisimu, kutunza daftari la jumuiya. Mzigo mdogo unaomfaa humwambia kwamba bado anahitajika.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Msamaria anavifunga vidonda vya yule mtu, anavitia mafuta na divai, na kumpeleka katika nyumba ya wageni. Mara nyingi mahubiri yetu huishia hapo. Lakini kesho yake anatoa dinari mbili kwa ajili ya siku zijazo, na anaahidi kwamba akirudi atalipa kitakachozidi. Alielewa kwamba mtu aliyepigwa mpaka karibu kufa haponi kwa usiku mmoja, akapanga kurudi. Nasi tunapomwambia mgonjwa "ugua pole", tumwambie pia ni siku gani tutarudi.